Mkono na Kifua ni Ugonjwa Mmoja

Assalam aleikum, wenzangu, na ninyi wa upande wa kanisa, Bwana asifiwe. Mwenyekiti wa kikundi chetu hiki cha wapishi ameniomba niseme maneno ya kutia moyo. Nimemwambia nitasema kweli. Ikiwatia moyo, alhamdulillahi. Ikiwachoma, alhamdulillahi pia.

Kwangu mimi mambo yalianzia mikononi. Mnanijua hapa Magogoni. Ni harusi gani, ni matanga gani mliyopika pasipo mimi kukuna nazi na kukaanga vitunguu? Basi nikaanza kuamka vidole havikunjiki. Siwezi kumfunga mtoto vifungo vya shati la shule, mpaka jua lipande ndipo vilegee. Mkasema ni baridi yabisi, nichuliwe kwa mafuta ya habasoda. Nikachuliwa. Bibi mmoja alinichua mpaka nikalia machozi, akaniambia ndiyo baridi inatoka. Baridi gani, Mombasa hii?

Mikono haijapoa, kikaja kikohozi. Kikavu, hakina makohozi, hakina homa. Nikitoka bombani na ndoo ya maji, napumzika njiani mara mbili tatu, na mimi sijafika hata miaka hamsini. Nikasema ni moshi wa kuni. Kila mpishi anakohoa, sivyo?

Nikaenda zahanati. Makohozi ya kutafuta kwa shida yakapimwa, hayakuonyesha kitu. Picha ya kifua ikaonyesha alama. Wakasema tuanze dawa za TB. Siwalaumu sana, kwetu kifua kikiwa na alama jina la kwanza kutajwa ni hilo. Nikameza zote nikamaliza, na kikohozi kikabaki palepale.

Lakini lile jina lilifika mtaani kabla yangu. Ndugu zangu, nawaambia hapa ndipo nilipoumia. Mnajua desturi yetu wapishi: wageni wakishakula, sisi tunakaa chini, tunazunguka sinia letu moja, tunacheka na kusemana. Siku moja, harusini, nikakunja miguu nikae, nikasikia mtu nyuma yangu:

"Yule yuwakohoa. Mpakulieni kando."

Nikaletewa sahani ya plastiki. Dawa nilikuwa nimeshamaliza, na kila mtu alijua. Nikala, kwa sababu ningeinuka ningelia mbele yenu. Harusi iliyofuata sikuitwa, na iliyofuata hiyo pia. Simtaji mtu. Humu ndani mko zaidi ya mmoja, na mnajijua.

Aliyekuja kunichukua ni wifi yangu wa Changamwe, ambaye wallahi hatukuwa tukipatana. Aliingia, akanitazama nikihema kwa kufagia chumba kimoja, akasema, "Vaa buibui. Mimi na wewe tutagombana ukipona." Akanipeleka hospitali kubwa.

Daktari alikuwa msichana mdogo tu, mtoto wa hapa hapa pwani. Nikaingia, akainuka kitini.

"Shikamoo, mama," akasema, akashika mkono wangu aubusu, kama watoto waliolelewa wanavyofanya.

Nikaguta kwa maumivu. Nikauvuta mkono.

"Mama, mkono una nini?"

"Baridi tu, mwanangu. Mimi nimekuja kwa kifua."

"Ni wa siku nyingi?"

"Ulianza kabla ya kifua. Lakini huo achana nao."

Hakuachana nao. Aliushika kidole kwa kidole, akabonyeza maungio, akauliza asubuhi vidole vinakuwaje. Ndiyo kwanza mtu ananiuliza habari ya mikono na kifua katika kikao kimoja. Zahanati sikuwahi kuutaja mkono, nani aliniuliza? Na aliyenichua hakuwahi kuuliza kifua. Nikatolewa damu, nikapigwa picha nyingine, ile ya kulala ndani ya mashine.

Majibu yalipotoka akanieleza taratibu. "Mama, kinga ya mwili wako imekosea adui. Inapigana na maungio yako, na hiyo hiyo inapigana na mapafu. Ni ugonjwa mmoja. Mapafu huweza kuanza kuumia mapema, hata kabla mtu hajahisi kitu. Sehemu nyingine zimeshafanya kovu."

"Kovu litatoka?"

"Halitoki, mama. Tutajaribu kulizuia lisienee."

Mnataka niseme nimepona? Sijapona. Nameza dawa, napimwa damu, napuliza kwenye mashine wapime pumzi. Vidole vimelegea, nafunga vifungo. Kikohozi kimepungua na ugonjwa umesimama, kwa uwezo wa Mungu. Lakini jiko la kuni nimekatazwa, na pumzi niliyoipoteza nikichuliwa mafuta hairudi. Nina uchungu nayo. Msiniambie nishukuru tu, nashukuru na nina uchungu.

Wifi yangu, ahsante. Bado hatujagombana, lakini tutagombana. Yule daktari Mungu amtunze, na wazazi waliomfunza kusalimu watunzwe pia. Na ninyi mliokuja kunitazama baada ya kusikia si TB, karibuni, chai ipo. Ila mjue niliwahesabu waliokuja kabla, na walikuwa wachache.

Nililojifunza ni hili. Mkono ukivimba na kukaza asubuhi, kisha nawe ukaanza kukohoa au kuhema, usipeleke mkono kwa mchuaji na kifua zahanati. Beba vyote viwili kwa daktari mmoja, useme yote, hata asipouliza.

Sikai bado. Kuna mwenzetu humu, simtaji. Leo nimemwona akiinua kikombe cha chai kwa viganja viwili, vidole vimekataa. Nimemsikia pia akikohoa ndani ya mtandio, polepole, ili sisi tusisikie. Dada yangu, najua unawaogopa akina nani, maana niliwaogopa hao hao. Kohoa kwa sauti. Kesho asubuhi nitabisha mlangoni kwako, twende, na ukiona haya kusema, nitasema mimi.