Milembe Hatoki Darasani

ANATOLI: Haloo? Naongea na nani?

DOMITILA: Mwadila, mwalimu mkuu, habari za mchana. Ni Domitila, wa darasa la nne.

ANATOLI: Mwadila. Unakatakata, mwalimu. Uko wapi?

DOMITILA: Juu ya kichuguu, nyuma ya shule. Chini hakuna mtandao.

ANATOLI: Sema haraka, ndiyo natoka kikaoni hapa ofisi ya elimu Bariadi. Baba yake Milembe alikuja kumwondoa shuleni, kama nilivyomwagiza?

DOMITILA: Ngassa? Alikuja asubuhi na baiskeli yake.

ANATOLI: Afadhali. Mtoto hata jina lake hawezi kulisoma, angetuangusha kwenye mtihani wa—

DOMITILA: Hajaondoka.



ANATOLI: Nani hajaondoka?

DOMITILA: Wote wawili. Nilimwomba baba akae dawati la nyuma. Nikamwuliza Milembe kwa mdomo: kwa nini tunachoma mabua ya pamba tukishavuna? Akaeleza wadudu wanavyojificha humo kungoja msimu mwingine. Akaeleza yote! Ngassa akasimama. “Huyu ndiye mliyesema hafundishiki?”

ANATOLI: Sasa unanigombanisha na wazazi?

DOMITILA: Si wewe uliyesema?

ANATOLI: Mwalimu!

DOMITILA: Akili anayo. Herufi ndizo zinamchezea, “b” anaiona “d”. Chuoni walituambia inaitwa disleksia. Namwandikisha kwa kidole mchangani, anashika pole pole. Maswali namsomea mimi.

ANATOLI: Na mtihani wa taifa? Nani atamsomea?

DOMITILA: Hilo ndilo ukawaulize watu wa elimu. Si uko mlangoni kwao?

ANATOLI: Nikaulize hayo, wanicheke? Domitila, nitaomba wakuhamishe. Utafundisha Bukundi huko porini!

DOMITILA: Wanihamishe. Na Bukundi wapo watoto kama yeye.

[mkwaruzo]

ANATOLI: Haloo? Haloo?

DOMITILA: Nakusikia, mkuu.

ANATOLI: Huyo Ngassa... bado yupo?

DOMITILA: Amekaa palepale. Anasema hanyanyuki mpaka urudi umwambie ana kwa ana.

ANATOLI: Nimwambie nini?

DOMITILA: Kwamba binti yake hafundishiki. Mbele ya darasa.



ANATOLI: Wewe mama una kichwa kigumu.

DOMITILA: Ndiyo, mwalimu mkuu.

ANATOLI: Afisa elimu mwenyewe yule... namwona bado yumo ofisini.

DOMITILA: Basi rudi ndani! Usimwache atoke. Vocha yangu inakwi—

ANATOLI: Haloo? Domitila? Haloo... Shikamoo, afisa. Samahani, nina swali moja.