Ustadhi Daimu Saleh Mtalika na Jibu Alilolijutia

Ndugu, majirani na jamaa mliokusanyika hapa Lizaboni, jeneza lililo mbele yenu ni la Ustadhi Daimu Saleh Mtalika. Mwenyewe alikataza asipambwe siku kama ya leo. "Msiseme nilikuwa mtu mwema mkaishia hapo," alimwambia mkewe. "Semeni na la Zabibu." Familia imetii.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1959 katika kijiji cha Namasakata, wilayani Tunduru, akiwa mtoto wa tatu kati ya tisa wa mzee Saleh Mtalika, mkulima wa korosho, na Bi. Somoe binti Ali. Wawili kati ya hao tisa hawakufikia umri wa kutembea.

Alisoma shule ya msingi palepale kijijini kuanzia 1968 hadi 1974. Mwaka uliofuata baba yake alimpeleka Tunduru mjini kwa Shehe Abdulswamadu, akakaa chuoni miaka saba akisoma Qur'ani, hadithi na fikihi. Alikuwa mwepesi wa kuhifadhi. Lakini msimu wa korosho ukifika alitoroka kwenda kuokota, na shehe alimchapa kwa hilo zaidi ya mara moja.

Mwaka 1984 alihamia Songea. Asubuhi alikaa kwenye cherehani yake, alasiri alifundisha madrasa, na kuanzia 1998 alikuwa akitoa hotuba ya Ijumaa katika msikiti wa mtaani kwetu. Watu walimpenda kwa sababu hakuwa mtu wa kusita. Ukimwuliza talaka, mirathi, au swaumu ya mgonjwa, jibu ulilipata kabla hujamaliza kuuliza.

Alimwoa Bi. Saada Hassani wa Msamala tarehe 9 Agosti 1986, wakajaliwa watoto saba. Baada ya yule wa tano nyumba ilikaa miaka minne bila kichanga, naye akawa anajisifu barazani kwamba dua zake za kuomba nafasi kati ya mtoto na mtoto zinajibiwa. Kuna majirani hapa walioomba awafundishe dua hiyo, naye akawafundisha.

Mwezi Mei 2011 alifikiwa na Kassimu, muuza mitumba wa Msamala. Mkewe, Zabibu, alikuwa amejifungua mtoto wa sita kwa upasuaji, wa tatu huo, na alitokwa na damu nyingi mno. Muuguzi mmoja, Sista Asumpta, aliwashauri wafunge kizazi. Kassimu alisema, "Ustadhi, ukiniambia sheria inaruhusu, kesho naenda kuweka saini."

Ustadhi Daimu hakuinua hata macho kwenye kitambaa alichokuwa akishona. "Kufunga kizazi ni haramu. Riziki ya mtoto iko kwa Mola wake. Na hizo sindano na vidonge vyao achaneni navyo."

Zabibu alikuwa amesimama mlangoni, mtoto mgongoni. Hakuulizwa neno. Waliaga, wakaondoka.

Zabibu alifariki tarehe 22 Julai 2012, akijifungua mtoto wa saba. Mtoto naye hakuishi. Ustadhi Daimu ndiye aliyesimama mbele kuwasalia. Walipotoka makaburini Kassimu alimshika mkono, akasema taratibu, "Ulisema haramu tu. Hukuuliza mke wangu anaumwa nini."

Wiki hiyohiyo marehemu alipanda basi kwenda Tunduru. Shehe Abdulswamadu alikuwa mzee wa kushikwa mkono, lakini akili yake ilikuwa timamu. Alimsikiliza mwanafunzi wake, kisha akaagiza kitabu kishushwe kabatini.

"Azli, mume kujizuia ili mimba isitunge, maswahaba waliifanya Qur'ani ikiteremka, na hawakukatazwa," alisema. "Wanazuoni wengi wamepimia hapo, wakaruhusu kupanga uzazi kwa kitu kisichodhuru, mke na mume wakiridhiana. Kufunga moja kwa moja bila sababu, wengi wanakataza. Ila tabibu mwaminifu akisema roho ya mama iko hatarini, hukumu si ileile. Haya uliyasoma hapa, Daimu. Kitabu hikihiki."

"Mbona sikukumbuka, shehe?"

"Ulikuwa msimu wa korosho. Mwili ulikuwa hapa, macho yako yalikuwa njiani."

Alirudi nyumbani akamweleza mkewe yote. Bi. Saada akamwambia, na leo ameridhia lisomwe: "Baba Saleh, ile miaka minne haikuwa dua. Nilikuwa nachoma sindano. Niliogopa kukwambia." Marehemu hakumgombeza. Alikaa siku mbili bila kwenda kwenye cherehani. Baadaye alisema kilichomuuma si sindano, ni kule kujua kwamba ndani ya nyumba yake mwenyewe aliogopwa.

Tangu hapo, mume akija na swali la uzazi, alimwambia, "Nenda kamlete mwenye tumbo." Alimsikiliza mwanamke kwanza. Penye shaka ya afya alifuatana nao hadi kwa Sista Asumpta, na wakati mwingine walibishana hadi wagonjwa wakacheka, kwa maana hakuwa mtu wa kuruhusu kila kitu. Kutoa mimba alikataa, na aliyetaka kufunga kizazi ili tu apunguze gharama za nyumba alimrudisha. Lakini aliyarudia maneno yake ya zamani: Ijumaa moja ya Januari 2016 alipanda mimbari, akasema mbele ya watu wote kwamba aliwahi kutoa fatwa bila elimu na mtu amekufa. Ikasemwa amenunuliwa na wazungu. Mwezi uliofuata kamati ilimwondoa kwenye hotuba. Wazazi kumi na mmoja waliwatoa watoto madrasa.

Sukari iligundulika mwaka 2019, na mwaka jana figo zikaanza kushindwa. Alipoona hali imezidi, alimwita Kassimu, akitaka kumwomba radhi. Kassimu alikuja, akakaa kwenye kigoda, akasema, "Ustadhi, ya Mungu namwachia Mungu. Yangu bado." Marehemu aliitikia, "Ni haki yako." Hakumwita tena. Alifariki jana, Jumapili tarehe 9 Februari 2025, saa kumi alasiri, mkewe akiwa pembeni yake.

Ameacha mke, watoto sita, wajukuu kumi na wanne, na ndugu wanne walioko Namasakata na hapa mjini. Mwanawe Hadija alimtangulia mwaka 2003.

Asubuhi ya leo, wakati wanaume wakipangana nani ashuke kaburini kumpokea, Kassimu aliingia uani akauliza, "Mmepata wangapi?" Akaambiwa wawili. Akavua viatu, akakunja suruali. "Basi mimi wa tatu." Hakusema kama amesamehe, na hakuna aliyemwuliza.

Sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake tutarejea. Amsamehe Daimu pale alipokosea, amrehemu Zabibu na mtoto wake, na awalaze wote mahali pa amani.