Wa Kutembea Sokoni

Basi lilipoondoka Kitale, Gathii, mwalimu mstaafu, alijifanya amelala, ila masikio yake yalikuwa yamehamia kiti cha mbele. Huko Nekesa alikuwa akimlalamikia Wacera, abiria aliyejuana naye dakika kumi tu zilizopita.

"Bweni ya watoto viziwi inavuja, dada. Nikaita watu wa kujitolea, wazunguke soko wakiomba mchango. Wakakuja thelathini! Kabla chai iishe, ati wamechaguana: patroni, mwenyekiti, makatibu wanne. Wa kutembea sokoni, hakuna."

"Si uwafukuze?"

"Nibaki na nani?"

"Basi wape wote vyeo, bana. Kama kuna wa kutoka Saboti, mwite mkurugenzi wa soko ya Saboti. Atatembea mpaka soli iishe."

"Na akianza kuniuliza msaidizi wake ako wapi?"

Gathii akasonya kimoyomoyo. Watu wa siku hizi! Hata wema hawaufanyi bila cheo.

Basi likasimama Mabanga, anakoshukia Gathii. Nekesa akageuka. "Mzee, si umesikia yote? Jumamosi utatusaidia?"

Gathii akavaa kofia yake polepole, akakohoa.

"Bila shaka, mama. Nitakuja kama nani?"