Mabango Mawili Ukutani: Kumuaga Bi. Marlys Tollefson

Ijumaa hii, tarehe 30 Januari 2026, Bi. Marlys Tollefson anastaafu baada ya kuitumikia Haugen Lefse kwa miaka thelathini na mmoja. Mzee Arvid Haugen, mwenye kiwanda, aliniagiza niandike wasifu huu kwa niaba ya wafanyakazi. "Andika ukweli," alisema, "ila usiwe mrefu." Nimejitahidi kutii yote mawili.

Bi. Marlys alianza kwa kupokea simu. Kampuni iliponunua ghala la Fargo, ng'ambo ya mto, akapandishwa kuwa msimamizi wa wafanyakazi. Tangu hapo tumekuwa kampuni moja chini ya serikali mbili za majimbo. Jikoni, tunakosukuma na kuoka lefse, chapati zetu za viazi, ni Moorhead, Minnesota. Ghala la kufungia na kusafirisha liko Dakota Kaskazini. Daraja unalivuka kabla kahawa haijapoa, lakini haki za mtu hubadilika katikati yake. Kazi ya Bi. Marlys ilikuwa kujua zimebadilika vipi na mwajiri afanye nini.

Si kazi ya mzaha. Upande wa Dakota sheria hukaa miaka bila kutikisika. Upande wa Minnesota kila Januari huja na yake, na kabla hujaizoea inarekebishwa. Matapeli nao humtumia barua za vitisho ili anunue mabango ya sheria za kazi, yale ambayo mwajiri lazima ayabandike na serikali hutoa bure. Barua hizo alizichana na kumtandikia mbwa wake. Mabango halisi aliyabandika kwa mkono wake katika vyumba vya mapumziko, kila upande na la kwake. Madereva wakamwita Mama Sheria.

"Mama Sheria, leo kupiga chafya kunaruhusiwa upande gani?" dereva Leif alikuwa akimtania.

"Pigia katikati ya daraja, baba, halafu nitafute kesho. Huenda wameshabadilisha."

Lakini wasifu huu hauwezi kuwa wa kucheka tu. Kila vuli, viazi vipya vikiingia, wafungaji wa maboksi wa Fargo walikuwa wakivuka daraja kuja kusukuma lefse pamoja nasi hadi Krismasi. Mwaka 2024 Minnesota ilianza kumtaka mwajiri ampe mfanyakazi likizo ya ugonjwa yenye malipo, hata anayefanya kazi huko kwa saa themanini tu kwa mwaka. Bi. Marlys aliisoma sheria hiyo, akaona kwamba saa za msimu wa lefse zinawaingiza humo wafungaji wetu. Alikwenda ofisini akitabasamu, akidhani anapeleka habari njema.

Kyle Haugen, meneja wetu na mpwa wa Mzee, aliuliza swali moja: "Na wasipovuka?"

Basi wakakatazwa kuvuka, vuli hiyo na iliyofuata. Hakuna sheria iliyovunjwa, na hilo ndilo linalonikasirisha zaidi. Meza ya kusukumia ilibaki na mapengo. Tulisukuma kwa pupa, lefse zikapasuka, makanisa yaliyoagiza lefse za Krismasi yakangojea hadi yakachoka. Ng'ambo, Jumamosi ya wiki ya sikukuu ya Shukrani, Novemba iliyopita, mama yangu, Kari Rognlie, mfungaji wa ghala, alikwenda kufunga maboksi akiwa na homa. Nilipomsihi abaki kitandani, alisema, "Mwanangu, mimi naumwa upande mbaya wa mto."

Bi. Marlys alimkuta akitetemeka kando ya mashine. Alimrudisha nyumbani kwa gari lake, kisha akavuka daraja na kuingia kwa Mzee Arvid na buti zake za theluji. Jikoni tulisikia kila neno.

"Arvid, miaka yote nimekuambia sheria inataka nini. Leo nakuambia mimi nataka nini!"

"Taratibu, Marlys. Hatujavunja kitu."

"Hamjavunja! Mmenifanya tochi ya kutafutia mlango wa nyuma. Kazi hiyo sikuiomba!"

"Shangazi, hii ni biashara tu," Kyle akachomekea.

"Shangazi yako nani? Vaa glavu ukafunge maboksi ya Kari!"

Kyle alikwenda. Alifunga hadi jioni, na tunaambiwa alifunga vibaya.

Bi. Marlys alikuwa astaafu Krismasi. Akaahirisha, kwa kuwa Januari hii Minnesota imeleta mawili kwa mpigo, likizo ya familia na mapumziko mapya ya kazini, naye hakutaka kumwachia mwenzake mzigo mbichi. Ameyaweka sawa yote. Kampuni ikamnunulia saa ya ukutani, akaikataa. Zawadi anayoitaka ni moja: bango la likizo ya ugonjwa la Minnesota libandikwe ghalani Fargo, na Mzee Arvid atie sahihi chini yake kwamba linawahusu wote. Sheria haimlazimishi. Ndiyo maana anaombwa.

Mzee amesema atafikiria. Bango liko mezani kando ya keki, na kalamu, na pini.

Bi. Marlys, asante kwa kutusomea sheria, na asante zaidi kwa siku ile ulipoiweka kando na kusema yako. Tunakuombea afya njema, barafu nene ziwani, ya kukalia ukivua, na samaki wasio wajanja. Na siku utakapokuja kutusalimia, ukute mabango mawili katika ukuta wa Fargo, na akina mama wa ng'ambo wako kwenye meza yetu, mikono imejaa unga.

Britta Rognlie, mwanafunzi, msukumaji wa Jumamosi