Mbuzi wa Mzee Asukile na Kitufe cha Taa

Kama hujawahi kukaa kwenye benchi la dukani kwa Mzee Asukile, pale Uyole karibu na barabara ya kwenda Tukuyu, basi ubishi unausikia tu. Benchi ni ubao wa paini juu ya matofali. Upande wa kulia anakaa Zabron, dereva wa bajaji, ambaye tunamwita Gia kwa sababu akianza kusema uongo anapanda gia moja moja mpaka injini inalia. Katikati anakaa Shedrack, fundi cherehani, jina lake VAR, kama ile ya mpirani, maana hakuna neno linalopita bila yeye kutaka lirudiwe. Mimi nashona viatu na wananiita Breki. Ningekuwa breki kweli hawa watu wangeshanyamaza zamani. Mzee Asukile mwenyewe anakaa kwenye kiti chake cha plastiki mlangoni, koti la sufu hadi shingoni, simu mkononi, na nyuma yake kuna ukuta wa mabati unaotenganisha duka na jiko. Kumbuka huo ukuta.

— Wameliwa tena, akasema Mzee.

— Wote? akauliza VAR.

— Wote. Fisi hana aibu huyu.

Msishtuke, ni mchezo wa kwenye simu. Mbuzi wako juu ya kilima, zizi liko chini, katikati kuna mto, mageti na fisi. Unafungua mageti kwa kidole. Ukikosea mpangilio, mbuzi wanaishia tumboni kwa fisi na simu inacheka. Mzee wetu amekwama kwenye levo hiyo moja tangu mvua za kwanza, na sisi tumekwama naye, maana hatuongei kitu kingine. Siasa tumeacha. Hata mpira tumeacha.

Ukishaliwa mara kadhaa, anatokea kasuku wa kijani. Bawa moja ameshika taa, bawa la pili ameshika mishale miwili. Ukibonyeza taa, kasuku anakuonyesha geti la kuanzia. Ukibonyeza mishale, unairuka hiyo levo na kwenda mbele kana kwamba mbuzi wamefika salama.

— Mzee, bonyeza taa basi, akasema Gia. Kasuku wa watu anapiga mbawa mpaka namwonea huruma.

— Sibonyezi.

— Kwa nini?

— Sitaki.

— Yuko sahihi, akadakia VAR. Ile taa si ya bure. Ukibonyeza tu, taarifa inakwenda kwa wenye mchezo. Kule wana ramani kubwa ukutani. Inawaka kitaa chekundu: Uyole, mzee mmoja, ameshindwa.

— Aah, hiyo ndogo, akasema Gia, na hapo nikasikia kabisa anabadilisha gia. Mbaya ni ile mishale. Kuna jamaa yangu wa Mbalizi alizoea kuruka levo. Simu ikajifunza tabia. Ikaanza kuruka na mambo mengine. Mama yake akipiga, inaruka. Alarimu ya Jumapili ikaruka, jamaa akaamka Jumatatu amevaa nguo za kanisani.

— Rudia hapo, akasema VAR. Nguo alivaa saa ngapi kama alikuwa amelala?

— Ndiyo hapo sasa! Hata yeye mwenyewe hajui! Hicho kipande kilirukwa!

Nikasema Gia aache masihara, kuna watu wazima hapa. Hakuna aliyenisikiliza. Sijui kwa nini najisumbuaga.

Wakati huo kikohozi kikasikika nyuma ya mabati. Kikohozi kimoja tu, cha heshima. Maana yake kahawa imeshawekwa kwenye kigoda cha mlango wa jikoni, na aliyeiweka ameshaondoka. Huyo ni Bupe, mke wa Lugano, mtoto wa Mzee. Wanaishi Ubaruku, Lugano yuko kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Bupe alikuja kumuuguza mama mkwe aliyeteleza kwenye tope akaumia mguu.

Sasa, kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto hatazamani na baba mkwe wala hawasemeshani. Vijana wengi wameshaachana na hayo. Lakini Mzee Asukile ni Mkristo wa Moraviani na ni mtu wa mila, vyote kwa pamoja na vyote kwa ukali, na Bupe naye kalelewa na bibi wa aina hiyo hiyo. Kwa hiyo watu wawili wameishi nyumba moja msimu mzima na hawajawahi kuambiana hata habari za asubuhi. Mzee akipita uani anakohoa, Bupe anajificha. Bupe akifagia, Mzee anageukia ukuta.

Sema Bupe ndiye aliyemaliza ule mchezo wote kwenye simu yake, na ukuta wa mabati una tundu la msumari. Anaona kila kitu. Na mtu aliyemaliza mchezo akimwona mwingine anakosea, jamani, kunyamaza ni mateso. Ndipo akamgundua kuku.

— Wewe kuku! sauti ikatoka nyuma ya mabati. Hivi geti la chini unalikimbilia nini wakati maji hayajapita? Anza la juu, mjinga wewe!

Kuku mwenyewe, mwekundu, alikuwa amelala juani mlangoni. Akafumbua jicho moja. Tumembatiza jina la Mkalimani.

Mzee hakugeuka. Alitazama mbele, akakohoa, halafu kidole kikaenda taratibu kwenye geti la juu. Maji yakapita. Mbuzi wa kwanza akashuka.

— Eeeh! tukashangilia.

— Kuku, subiri huyo fisi alale kwanza! sauti ikasema.

Mzee akasubiri. Fisi akalala. Mbuzi wa pili akashuka. Akabaki mmoja tu, geti moja tu, hata mimi ninayeshona viatu nililiona. Mzee akanyoosha kidole na kufungua la pembeni.

Simu ikacheka.

— Mzee! Gia akaruka kutoka kwenye benchi. Yaani kuku amekwambia kila kitu! Mkalimani amefanya kazi yake!

— Kidole kimeteleza, akasema Mzee, na wala hakuonekana mwenye huzuni.

— Naomba irudiwe, akasema VAR. Mimi nimeona kidole kimekwenda chenyewe.

— Baridi hii.

Nikawamiminia kahawa. Kahawa ya Bupe ni nzito, inanukia mpaka barabarani, na hilo lilikuwa linatuuma, maana mama mkwe sasa anatembea vizuri na kesho asubuhi Bupe anapanda basi kurudi kwa mumewe. Hakuna aliyetaka kulisema. Akalisema Gia, kwa sababu Gia hana breki na mimi sifanyi kazi.

— Mzee, kesho kuku atakuwa bubu. Zoea taa mapema. Ukibaki hivi hivi, hao mbuzi watazeekea kilimani.

Mzee Asukile akashika kikombe kwa mikono miwili.

— Ile taa hainijui mimi, akasema. Inamwambia kila mtu maneno yale yale. Haijui nimekosea wapi, haijui nimekasirika. Haiwezi hata kuniita mjinga.

— Sasa unataka kuitwa mjinga?

— Alikuwa anaitwa kuku, akasema Mzee kwa ukali. Mimi sijasema neno.

— Basi ruka, akasema VAR. Bonyeza mishale yaishe.

— Kuruka hapana! Gia akawaka. Ukiruka, wale mbuzi uliowaacha hawapotei. Wanakusanyika. Unafika levo ya mwisho unakuta wamekuziba njia, kila mmoja anauliza, uliniacha kwa nini?

— Hivi unajua mimi ningependa mishale ya maisha? akasema VAR, macho yamelegea. Kikao cha harusi, naruka. Baridi ya Juni na Julai, naruka. Mteja anayesema gauni limembana kumbe amenenepa yeye, naruka.

— Utaruka na uchumba? akauliza Gia.

— Naruka! Ule muda wa kukaa ukweni umefunga vifungo vyote na soda inapata moto mkononi? Naruka mwanangu, bila kuangalia nyuma.

— Halafu utajikuta nyumbani una wajukuu na huwajui majina, nikamwambia. Watakuamkia utadhani ni wateja. Mkeo naye utamuuliza tulikutana wapi.

VAR akafikiri. Kwa mara ya kwanza hakutaka irudiwe.

Hapo ndipo alipofika mama mmoja amebeba kifuko cha mbegu za maharage, kitenge kimefungwa mgongoni kuzuia baridi.

— Kamwene! akasema.

— Iringa hiyo! tukajibu kwa pamoja.

Akasema anaitwa Evarista, wa Kalenga, anasubiri gari la Iringa, anaomba sehemu ya kukaa. VAR akasogea. Tukampa kikombe cha mwisho, birika likakohoa na kutoa machicha. Evarista akanywa, akashukuru, halafu macho yakaenda kwenye simu ya Mzee.

— Oh! Mbuzi! akasema. Na mimi ninao hao. Nikikaa sokoni bila wateja ndiyo kazi yangu.

— Basi msaidie mzee wetu, akasema Gia. Amekwama hapo tangu mvua za kwanza. Taa hataki, kuruka hataki, na mwalimu wake anaondoka kesho.

— Mwalimu gani?

— Kuku.

Evarista alimtazama Gia, akamtazama kuku, akarudi kwenye kahawa yake. Watu wa Iringa wana adabu. Mzee akafungua tena mchezo, harakaharaka, ameinamisha simu kifuani, lakini ile simu kabla ya kuingia levo inaonyesha kwanza ramani yote, vilima vimepangana kutoka chini hadi juu. Evarista akainama, akanyoosha kidole.

— Shikamoo mzee, samahani lakini. Hii levo mbona ina nyota tatu? Kwangu mimi nyota tatu zinakaa nikishaivuka. Na hivi vilima vya mbele vyote vina nyota, mpaka kule juu kabisa. Wewe si umeshamaliza? Sasa huku nyuma umefuata nini?

Jamani. Lori likapita kuelekea Tukuyu na hakuna aliyeligeukia. Gia alifungua mdomo, nikamsubiri apande gia, akaufunga. VAR hakutaka marudio. Mimi niliyekaa pale msimu wote nikishangilia mbuzi, nilimtazama Mzee Asukile, na Mzee akaifunika simu juu ya paja, uso chini, akaanza kufunga kifungo cha koti ambacho kilikuwa kimeshafungwa.

Nyuma ya mabati sufuria ziliacha kugongana. Nikajua Bupe amesikia.

Nilitamani kumvuta yule mama wa Kalenga na mbegu zake nimpandishe gari lolote. Kosa si lake. Lakini moyo uliniuma, nasema kweli, maana ilionekana Mzee ananyang'anywa kitu mbele za watu.

Kisha kikohozi kikasikika. Kimoja, cha heshima.

— Wewe kuku, akasema Bupe. Sauti ilikuwa nyembamba kuliko siku zote. Kesho naondoka. Nikifika Ubaruku nitaufuta huu mchezo wangu, niuanze upya tangu kilima cha kwanza. Na mimi nimeshasahau njia zote. Sasa sijui nikikwama nitamuuliza nani.

Mkalimani akasimama, akajikung'uta manyoya, akatutazama mmoja mmoja.

Mzee Asukile akageuza kiti chake kidogo. Hakutazama mabati. Alimtazama kuku, na kwa mara ya kwanza tangu Bupe aingie kwenye ile nyumba, akafungua mdomo na kujibu.

— Kuku, akasema. Ukikwama, usibonyeze taa. Piga simu ya mama. Jioni jioni mimi huwa nimekaa pembeni yake, nitasikia.

— Ndaga fijo, ikashukuru sauti kwa Kinyakyusa nyuma ya mabati.

— Na geti la juu kwanza, akaongeza Mzee kwa ukali. Mjinga wewe.

Nyuma ya ukuta mtu alicheka, halafu akawa kama anapenga kamasi, halafu akacheka tena. Mzee akafuta macho kwa mkono wa koti na kutuambia kuwa moshi wa jikoni leo umezidi. Tukakubali wote kwamba umezidi. Hapakuwa na moshi.

Evarista akanigeukia mimi, akauliza taratibu kama amekosea kitu. Nikamwambia hapana mama, karibu sana Uyole.

Tukakaa. Nikaona VAR anahangaika, anajikuna, neno limemkaa. Mwishowe akaniinamia sikioni.

— Breki, hebu rudia hapo. Kwa hiyo kuku naye anasafiri kesho?

— Kunywa kahawa yako.

— Imekwisha, akasema.