Wati Elfu Mbili za Omosa

Omosa hakuwa na gari jipya, ila kuukuu lililobaki nyumbani; hakuwa na jina kule Mulot, wala ndugu katika kamati ya mkutano wa injili iliyokuwa ikitafuta gari la matangazo. Alikuwa na amplifaya ya kukuzia sauti, iliyoandikwa wati elfu mbili, na barua ya kuomba kazi iliyosema hivyo hivyo.

Ndani ya Probox ya abiria kutoka Bomet, Rebeccah, mama aliyesema anauza vifaa vya redio, aliitazama mashine ile mapajani mwa Omosa.

"Fyuzi yake ni ampea ngapi, baba?"

"Thelathini."

"Na betri ni volti kumi na mbili. Zidisha. Inakula wati mia tatu na sitini tu. Ng'ombe wako hutoa maziwa mengi kuliko maji anayokunywa?"

Abiria walicheka, hata wale ambao hawajawahi kuona fyuzi. Omosa alihisi masikio yakiwaka moto. "Mama, hii imetikisa mabati ya kanisa letu!"

"Mabati si mita. Funga rezista mahali pa spika, upime volti injini ikinguruma, ndipo ujue wati zake za kweli."

"Nani amekutuma uniharibie kazi?"

"Hakuna. Lakini watu wa nyuma wasiposikia neno, watakulaumu wewe, si kiwanda."

"Watasikia!"

"Kwa wati hizo mia tatu na sitini?"

"Nimesema watasikia!"

Gari likasimama Longisa, mahali pa Omosa kushuka. Alitoa kalamu, akakata "elfu mbili" katika barua, akaandika juu yake: "Njooni mpime wenyewe." Akalamba bahasha, akaifunga, akampa dereva aifikishe Mulot.