Fundi Upepo na Picha ya Kifua Iliyotoka Kabatini

Ndugu, jamaa, majirani na wateja wa marehemu, kabla historia hii haijasomwa tunaomba kila mmoja aape kimoyomoyo kwamba atakayoyasikia hayatavuka mlango huu, kwa maana marehemu alimwapisha dada yake mkubwa, ambaye ndiye anayewasomea, asiyatamke kwa mtu, na dada huyo ameyatunza kwa uaminifu mkubwa tangu Agosti hadi leo asubuhi.

Marehemu, ambaye wengi mlimjua kwa jina la Fundi Upepo, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, mtoto wa pili kati ya watatu, mbele yake dada huyu na nyuma yake kitinda mimba, ambaye siku hizi ni kinyozi na amekaa pale upande wa dirisha. Baba yao alifariki mwaka 1969 akiwa anapandisha kabati ngazini, akashika kifua, akakaa chini na hakuinuka tena, watu wakasema ni uchovu.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1972, si kwa sifa sana, kwani alipenda hesabu na hesabu hazikumpenda, akaajiriwa kuziba matairi, na mwaka 1981 akafungua karakana yake kwenye kona ya soko, yenye pipa la maji la kutafutia matundu na benchi ambalo halikuwahi kukosa mtu wa kuleta habari za watu.

Tarehe 12 Juni 1984 alifunga ndoa na mjane tuliye naye hapa, aliyempata baada ya kumzibia pancha ya baiskeli ileile kila wiki, na hadi leo haijulikani ni nani aliyekuwa akiitoboa, ingawa mjane akiulizwa hutazama pembeni. Walijaliwa mabinti wawili, wote wamepimwa, wote wazima.

Mwaka 2012 alianza kusikia maumivu mgongoni, katikati ya mabega, sauti ikakwaruza, akapelekwa hospitali, na daktari wa upasuaji akamweleza kwamba mshipa mkuu wa damu, ule unaotoka kwenye moyo, ukapanda, ukapinda kama mpini wa mwavuli kisha ukashuka mgongoni, ukuta wake umelegea na kufura, na ukipasuka si rahisi mtu kuwahiwa.

"Daktari, usijichoshe," marehemu akamkatiza, "tairi likitoa kichuguu ubavuni mimi silijazi upepo, nalitoa. Lini?"

Tarehe 3 Septemba wakampasua kifua, damu yake ikapitishwa kwenye mashine, wakakata kipande kibovu na kushona mahali pake mrija wa kitambaa, mfupa wa kifua wakaufunga kwa nyaya, naye akarudi sokoni akitamba kwamba yeye ndiye fundi pekee mwenye tyubu mpya ndani.

Daktari alionya kwamba ugonjwa huo unaweza kutembea katika damu ya ndugu, ndipo wengi wetu tukaanza kukifikiria upya kifo cha baba, naye daktari akaagiza wa tumbo moja wote wapimwe. Dada alienda, akaonekana mzima. Kinyozi kila mara alikuwa na kichwa cha mteja muhimu, mpaka Agosti 2023 alipokuja chakula cha mchana na picha ya kifua, akaiinua kwenye taa, akasema, "Haya, hamtaniimbia tena. Mzima kama chuma." Mkewe akalia kwa furaha. Marehemu aliitazama picha, halafu jikoni akamwambia dadaye, "Umeziona zile nyaya? Huyu hajapasuliwa hata jipu. Kachukua picha yangu kabatini." Dada akageuka kwenda kumuumbua, akashikwa mkono. "Muache, anaogopa. Nitamvuta mwenyewe polepole. Niapie." Akaapa, shingo upande.

Polepole hiyo haikupewa nafasi. Tarehe 21 Januari 2024 mshipa ulichanika chini ya kile kitambaa, sehemu ambayo haikuwa imeguswa, na tarehe 23, familia ikiwa kando ya kitanda, Fundi Upepo akatutoka. Sasa kinyozi hana wa kumvuta, na tangu msiba uanze tunamwona akijisugua katikati ya mabega, akisema ni godoro la wageni.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta viti na kuchota maji, mafundi wenzake waliofunga karakana zao, na kwa namna ya pekee daktari wa upasuaji aliyefika hapa mwenyewe, ambaye gari lake liko nje na amekubali kuondoka na abiria mmoja. Tunamshukuru pia mke wa kinyozi, aliyekubali kukaa kiti cha mlangoni bila kuuliza sababu.

Maneno haya yaliandikwa jana, lakini aliyeyaandika amembeba kinyozi mgongoni tangu akiwa na nepi, na anajua kwamba kufikia mstari huu atakuwa ameshainuka, simu isiyolia sikioni, anaambaa na ukuta kwa ncha za vidole. Tunaomba wote mgeuke taratibu mumtazame alipofika. Wifi, mshike mkono mumeo, usimwachie.

Fundi Upepo, pumzika kwa amani, huyu tunaye.